Mama Peke Yake kwa Hiari, na Mtoto Mwenye Ulemavu

Tunapotaja mama anayelea peke yake, sisi sote twafikiri mara moja juu ya mjane, au juu ya mke aliyeachwa, au juu ya msichana aliyedanganywa na mwanamume. Leo twataka kusema habari za mama wa namna nyingine, ambaye huku kwetu hajulikani sana. Ni mwanamke asiyeolewa, mwenye kazi yake na nyumba yake, aliyekata shauri kwa akili timamu kuwa mzazi bila ya mume. Hakudanganywa wala hakuachwa. Alihesabu fedha zake, akatazama umri wake, akaamua. Huko Marekani wanawake wa namna hiyo wana chama chao tangu mwaka 1981. Mwanzilishi wake ni Jane Mattes, mtaalamu wa kutibu huzuni na mahangaiko ya moyo katika mji wa New York, ambaye mwenyewe alikuwa na mtoto mdogo. Jina la chama hicho, tukiligeuza kwa lugha yetu, ni «Mama Peke Yao kwa Hiari».

Hatukusudii kubishana hapa juu ya chama hicho. Mafundisho ya Kanisa yanajulikana: maandiko ya Roma yaitwayo «Donum vitae», ya mwaka 1987, yafundisha kwamba mtoto ana haki ya kuzaliwa katika ndoa ya baba na mama. Lakini maandiko yayo hayo yafundisha pia kwamba mtoto yeyote aliyekwisha kuja duniani, kwa njia yoyote ile, apokelewe kama zawadi hai ya wema wa Mungu na kulelewa kwa upendo. Fundisho la kwanza watu hulikumbuka upesi. La pili huwatoka. Sisi twaanza na hilo la pili, kwa maana mtoto tunayetaka kumsema amekwisha zaliwa, tena ana ulemavu, na mama yake yuko peke yake. Afanyeje?

Yafaa tujue kwanza kwamba maisha hayo yana milango miwili ya kuingilia, nayo haifanani.

Mlango wa kwanza ni wa mwanamke anayemchukua mtoto mwenye ulemavu akijua kabisa anachokichukua. Historia ya mlango huo yatushangaza. Zamani ofisi za Marekani zilizowatafutia wazazi watoto wasio na kwao hazikutaka hata kusikiliza mwombaji asiye na ndoa. Zilitaka nyumba ya baba na mama, yenye mali ya kutosha, ya watu wa rangi moja na mtoto. Hata hivyo kulikuwa na watoto ambao nyumba za namna hiyo hazikuwataka: watoto weusi, watoto waliokwisha kukua, watoto wenye vilema. Ndipo mwaka 1965 ofisi ya wilaya ya Los Angeles ilipoanza kuwakubali walezi wasiooa wala kuolewa, hasa kwa ajili ya watoto weusi waliokosa nyumba. Mlango ulipokwisha kufunguka, wenye ulemavu wakapita pia. Basi tazameni ajabu hiyo: mwanamke aliyehesabiwa kuwa hafai kumlea mtoto mwenye afya, alionekana kuwa anafaa kumlea yule ambaye malezi yake ni mazito maradufu! Hoja ilikuwa kwamba afadhali mzazi mmoja kuliko kukosa wote. Hatusemi kwamba hoja hiyo ni mbaya. Twasema tu kwamba haikuanza kwa kumheshimu mwanamke. Ilianza kwa kumkosa mwingine.

Na mtoto aliyekosa hata huyo mmoja, alikwenda wapi? Mwaka huo huo 1965 Seneta Robert Kennedy alikwenda kutazama Willowbrook, nyumba kubwa ya serikali huko New York kwa ajili ya watu wenye akili pungufu. Ilijengwa iwatunze watu 4,000, na humo walikuwa wamerundikwa kadiri ya 6,000. Mwaka 1972 mwandishi wa televisheni, Geraldo Rivera, aliingia na kamera, akaionyesha nchi nzima watoto walio uchi, wameketi sakafuni katika uchafu wao, bila ya mtu wa kuwalisha kwa utulivu. Nyumba hiyo ilifungwa mwaka 1987. Tusisahau kwamba wengi wa watoto wa Willowbrook hawakuwa mayatima. Walikuwa na baba na mama walioandikwa katika kitabu cha ndoa, na madaktari wa siku zile ndio waliowashauri: mpelekeni huyu kwenye nyumba ya serikali, msahauni, mzae mwingine.

Tangu mwaka 1980 sheria ya Marekani yampa posho ya kila mwezi mlezi anayemchukua mtoto ambaye ni vigumu kumpatia nyumba, ama kwa ulemavu, ama kwa umri, ama kwa kuwa na ndugu wengi wasiotakiwa kutenganishwa. Katika miaka ya karibuni, kadiri ya mtoto mmoja katika kila wanne wanaotoka mikononi mwa serikali kwenda kwa wazazi wapya huchukuliwa na mwanamke asiyeolewa. Kabla ya kumpa mtoto, mfanyakazi wa ofisi huja nyumbani kwake, hutazama vyumba na ngazi, kisha humwuliza maswali ambayo watu wa ndoa hawaulizwi sana: ukiugua wewe, nani atampikia? Ukiitwa kazini usiku, nani atakaa naye? Ni mwanamume gani mwema atakayemwona mara kwa mara? Wanawake wengine hukasirishwa na maswali hayo. Sisi twaona kwamba ni maswali mazuri, na kwamba ingefaa kila bwana arusi na bibi arusi waulizwe vivyo hivyo mbele ya padri.

Mlango wa pili ni wa yule ambaye hakujua. Huyu amebeba mimba yake mwenyewe, mara nyingi kwa ufundi wa madaktari, na mara nyingi akiwa amekwisha kupita miaka 35, kwa sababu alingoja kwanza kupata mume, na mume hakutokea. Umri huo una hesabu yake. Mama mwenye miaka 35, hatari ya kumzaa mtoto mwenye hali iitwayo Down ni kama mara moja katika mimba 350. Akiwa na miaka 40 ni kama mara moja katika 100. Akiwa na 45 ni kama mara moja katika 30. Hali hiyo imepata jina la daktari Mwingereza John Langdon Down, aliyeieleza mwaka 1866. Chanzo chake kilijulikana Paris mwaka 1959, wakati Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walipotangaza kwamba watoto hao wana kromosomu moja zaidi katika chembe za mwili wao, yaani 47 badala ya 46. Tangu siku hiyo hakuna mtu mwenye haki ya kusema kwamba ni laana, au kwamba mama alikula kitu kibaya, au kwamba alimcheka mtu kilema njiani.

Tena si kila ulemavu unaonekana mapema. Kuna vipimo vinavyoweza kuitambua hali ya Down mimba ikiwa bado changa. Lakini hakuna kipimo cha mimba kinachoweza kumwambia mama kwamba mtoto atakuwa na usonji. Na mtindio wa ubongo mara nyingi huwapata watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Hapo iko hatari nyingine isiyofikiriwa sana: ufundi wa kupata mimba huongeza mapacha, na mapacha huwahi kuzaliwa. Basi mwanamke aliyejitayarisha kwa mtoto mmoja mzima hujikuta na wawili, mmoja wao hawezi kuketi. Alichagua kuwa mama peke yake. Hakuchagua jambo hili. Majirani humwambia, «Ulijitakia mwenyewe.» Neno hilo ni kali kuliko haki. Nani kati yetu aliyeoa kwa hiari yake alichagua pia magonjwa ya watoto wake?

Twende sasa kwenye maisha ya kila siku, maana huko ndiko penye kazi.

Shule ndiyo ya kwanza. Mwaka 1970 shule za Marekani zilikuwa zikifundisha mtoto mmoja tu katika kila watoto watano wenye ulemavu. Tarehe 29 Novemba 1975 Rais Gerald Ford alitia sahihi sheria iliyoamuru kwamba kila mtoto mwenye ulemavu apate masomo ya bure yanayomfaa katika shule za umma, na kwamba masomo hayo yaandikwe kwa ajili yake yeye mwenyewe katika karatasi inayotengenezwa upya kila mwaka. Katika karatasi hiyo huandikwa mtoto anaweza nini leo, anatazamiwa kuweza nini baada ya mwaka, na nani atamsaidia, saa ngapi kila juma. Sisi walimu twajua ugumu wa kazi hiyo, nasi twaisifu.

Lakini fikirini mkutano wenyewe. Upande mmoja wa meza wameketi mwalimu, mkuu wa shule au mjumbe wake, mtaalamu wa usemi, mtaalamu wa viungo na wengineo. Wote wamesoma, wote wana haraka, wote wanajua hazina ya shule ni ndogo. Upande wa pili yuko mama mmoja, aliyeomba ruhusa ya saa mbili kazini. Hana wa kumwambia, «Ngoja kwanza nishauriane na mume wangu.» Hana wa kumkumbusha, wakati wa kurudi nyumbani, ni neno gani hasa lililosemwa. Akilia, husemwa kwamba ni dhaifu. Akikazana, husemwa kwamba ni mgomvi. Sheria hiyo yamruhusu kuja na mtu mwingine anayemjua mtoto: ndugu, rafiki, jirani. Mama aliyezoea mambo hayo haendi kamwe bila ya mtu huyo, hata akiwa ni mtu wa kunyamaza na kuandika tu.

Jambo la pili ni matunzo ya nyumbani. Hapa Wamarekani humkumbuka Katie Beckett, aliyezaliwa mwaka 1978 katika jimbo la Iowa. Akiwa mtoto mchanga alishikwa na ugonjwa wa ubongo, akawa hawezi kupumua bila ya mashine. Bima ya serikali ilikubali kulipa akilala hospitalini tu. Akirudi kwao haikulipa, ingawa gharama ya nyumbani ilikuwa ndogo zaidi. Mama yake, Julie Beckett, hakunyamaza. Mwaka 1981 habari zilimfikia Rais Ronald Reagan, naye akaitoa nje, mbele ya waandishi, kuwa mfano wa sheria isiyo na akili. Katie akarudi nyumbani mwaka huo huo, akasoma, akakua, akaishi hadi mwaka 2012. Kwa mlango alioufungua, watoto wengi walio wagonjwa sana wametunzwa katika nyumba zao, na wauguzi huja kumpokea mama zamu. Mama mwenye mume aweza pengine kubahatisha usiku mmoja bila ya mwuguzi. Aliye peke yake hawezi: muuguzi asipofika, kesho yake mama haendi kazini, asipokwenda kazini, hapati mshahara.

Sheria ya mwaka 1993 yampa mfanyakazi wa mahali penye watu 50 au zaidi ruhusa ya majuma 12 kumwuguza mtoto wake, lakini bila ya mshahara. Kwa nyumba yenye mshahara mmoja, hiyo ni sahani tupu mbele ya mwenye njaa.

Twaongeza jambo moja ambalo halikutazamiwa. Wengi husema kwamba mtoto mwenye ulemavu huvunja ndoa, na kwa hiyo mwisho wa mambo mama wote huwa sawa, awe aliolewa au la. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Tennessee na kutolewa mwaka 2007 uliona kwamba wazazi wa watoto wenye hali ya Down hawakuachana zaidi ya wazazi wengine. Waliachana kidogo kuliko wengine. Lakini kati ya wale walioachana, sehemu kubwa kuliko ile ya wazazi wengine waliachana katika miaka miwili ya kwanza, yaani wakati ule ule ambapo mama ameelemewa kabisa. Mama wa hiari hana msiba huo. Tangu siku ya kwanza alijua mikono ni miwili tu, akaanza kutafuta mingine.

Msomaji wa Bukavu, wa Kalemie au wa Lubumbashi atasema: «Mwalimu, hayo ni mambo ya nchi yenye fedha. Huku kwetu hakuna posho, wala mwuguzi, wala karatasi ya shule.» Ni kweli. Nchi yetu iliukubali mwaka 2015 mkataba wa mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na tarehe 3 Mei 2022 ilipata sheria yake yenyewe ya kuwalinda; lakini kutoka sheria hadi mlango wa mama bado ni mwendo mrefu. Hata hivyo twaomba msomaji atazame vizuri mtaani mwake. Hakuna mwanamke huko aliyeambiwa na jamaa za mume, «Mtoto huyu si wa kwetu, mrudishe alikotoka, ama uondoke naye»? Naye akajifunga kitenge, akambeba mgongoni, akaondoka. Watu wakasema ameachwa. Lakini kama angemwacha mtoto kwa bibi kijijini, au angekubali apelekwe kwa wale wanaojidai kutoa uchawi kwa kumnyima mtoto chakula, angebaki na ndoa yake. Alikuwa na njia mbili mbele yake, akashika moja. Sisi twasema kwamba huyu naye ni mama peke yake kwa hiari, tena kwa hiari ya gharama kubwa kuliko ile ya New York, kwa sababu hakupata miaka ya kuweka akiba wala mtu wa kumwuliza maswali mapema. Anauza maandazi au makala, na mtoto mwenye miaka tisa, asiyeweza kutembea, yuko mgongoni mwake, maana kiti cha magurudumu hakiwezi kupanda njia za mawe.

Mgongo huo ndio unaotuleta kwenye jambo kubwa kuliko yote, linalowaunganisha mama wa huko na mama wa huku. Mtoto huongezeka uzito, mama huzeeka.

Zamani swali hili halikuwa na ukali wake wa leo, kwa sababu ya huzuni nyingine: watoto hao walikufa mapema. Huko Marekani, mwaka 1983, mtu mwenye hali ya Down alitazamiwa kuishi miaka 25 tu. Sasa, kwa sababu moyo wake hupasuliwa na kutengenezwa akiwa mchanga, na kwa sababu hafungwi tena katika nyumba kama Willowbrook, hutazamiwa kufika kadiri ya miaka 60. Ni habari njema kabisa. Lakini fanyeni hesabu. Mama aliyezaa akiwa na miaka 42, mtoto akifika miaka 60, yeye atakuwa na 102. Atakuwa amekwisha kufa zamani. Hakuna mume atakayebaki, na mara nyingi hakuna mtoto mwingine. Katika mikutano ya mama hao, mambo ya fedha na ya shule husemwa kwa sauti kubwa. Hili husemwa mwishoni, wakati watu wanapovaa makoti yao: baada yangu, nani?

Wengine hudhani kwamba kumwachia mtoto fedha kwatosha. Kumbe huko Marekani fedha zikiachwa ovyo zaweza kumdhuru. Mtu mwenye ulemavu anayepokea posho ya serikali haruhusiwi kuwa na mali inayopita dola 2,000, na kiasi hicho hakijabadilishwa tangu mwaka 1989. Mama akimwachia dola 10,000 mkononi, posho hukatwa mpaka fedha hizo ziishe. Kwa hiyo mama mwenye busara huziweka katika mfuko wa amana unaoshikwa na mtu mwingine kwa faida ya mtoto, au katika akiba ya pekee iliyoruhusiwa na sheria ya mwaka 2014. Tena mtoto akitimiza miaka 18, sheria humhesabu mtu mzima, hata kama hawezi kufunga vifungo vya shati. Siku hiyo mama hawezi tena kumsemea kwa daktari, ila aende mahakamani kuomba kuwa mlezi wake wa kisheria. Majimbo mengine, Texas likiwa la kwanza mwaka 2015, yamefungua njia ya upole zaidi: kijana hubaki na haki ya kuamua mambo yake, akisaidiwa na watu aliowachagua yeye.

Lakini anayeshika fedha na anayeshika mkono si lazima wawe mtu mmoja. Wa kwanza hutafutwa kwa mwanasheria. Wa pili ni lazima atafutwe mapema, miaka ishirini kabla ya kuhitajiwa, kati ya wale waliokwisha kumzoea mtoto: mtoto wa dada, msimamizi wa ubatizo, mama mwenzake wa chama. Ukarimu wa siku ya mazishi hauchukui muda mrefu. Kila mmoja katika ukoo husema «tuko pamoja», na baada ya arobaini mtoto huhamishwa kutoka nyumba hadi nyumba. Hilo twalijua sisi Wakongo pia, na wenye jamaa kubwa ndio huliona zaidi. Mama mwenye busara humpeleka mtoto kulala kwa huyo aliyemchagua usiku mmoja katika mwezi, tangu angali mdogo, ili wote wawili wajifunze. Usiku wa kwanza hakuna anayelala.

Kisha huandika barua. Wataalamu wa Marekani huwahimiza wazazi wote kuiandika, nayo haihitaji mwanasheria wala dola moja. Hata daftari la shule lafaa. Haina maneno makubwa. Huandikwa humo kwamba dawa ya asubuhi husagwa katika ndizi, si katika maji. Kwamba akishika sikio la kushoto, ana maumivu ya tumbo. Kwamba haogopi mvua lakini huogopa mbwa. Kwamba hupenda kukaa benchi la mbele kanisani, karibu na kinanda. Kwamba akiuliza mama yuko wapi, asidanganywe kuwa amekwenda sokoni. Kila mwaka, mtoto akiongeza mwaka mmoja, mama huifungua tena, hufuta kilichobadilika, huongeza kipya, na kuandika tarehe.